Sensa ya oksijeni ya Prado ya zamani: boksi la Toyota, Denso, ya kuunga waya au ya mtumba?

Muuzaji aliniwekea sensa tatu za oksijeni, vile vidude vya kwenye ekzosi vinavyoiambia injini iongeze au ipunguze mafuta, juu ya kioo cha kaunta, Gerezani, Kariakoo, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma mabati. Ya kwanza ilikuwa kwenye boksi la Toyota. Ya pili kwenye boksi la Denso. Ya tatu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni usio na jina, waya zake nne zimekatwa ncha wazi. "Zote za Prado, bosi," akasema. "Ni wewe na mfuko wako tu." Nikachukua ya mfuko kwa sababu ya mfuko.

Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza swali moja tu: gari gani? Nikamjibu "Prado ya 98", akaridhika, nami nikaridhika. Wiki ya tatu taa ya injini ikarudi, gari likaanza tena kunywa mafuta kama mtu aliyetoka kufunga, na fundi alipoipima sensa ile akakuta hita yake, kile kipashio cha ndani kinachoipa joto la kufanya kazi, imeshakufa.

Kwa hiyo nikilinganisha hapa njia za kuipata sensa ya Prado ya zamani, sianzi na bei. Naanza na aina. Na aina haiamuliwi na duka, wala na kwamba uzi umeingia vizuri kwenye bomba. Inaamuliwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, iliyomo garini mwako: imefundishwa kusikiliza lugha moja, na ukiiletea sensa inayozungumza lugha nyingine, haitaelewa hata kama umeinunua kwa bei ya ng'ombe.

"Prado" peke yake si jibu

Prado ya umbo la 90, iliyotoka 1996 hadi 2002, ni magari kadhaa ndani ya bodi moja. Soma kibati cha chesisi. RZJ95 ni petroli, injini ya 3RZ-FE, silinda nne, lita 2.7. VZJ95 ni petroli pia, lakini ni V6 ya lita 3.4, injini ya 5VZ-FE. KZJ95 ni dizeli, 1KZ-TE, na hiyo haina sensa ya oksijeni kabisa. Nalisema hili kwa sababu nimemwona kwa macho yangu mzee mmoja mwenye KZJ akiuziwa "oksijeni" ili moshi mweusi upungue. Mzee wangu, moshi mweusi wa dizeli unatafutwa kwenye nozeli, pampu, filta ya hewa na taabo. Rudisha hela mfukoni.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau: gari lilizaliwa kwa ajili ya soko gani? Iliyotoka Japani kama mtumba ilitengenezwa kwa sheria za moshi za Japani, ina masega kwenye ekzosi, yale ya kusafisha moshi, na ina sensa. Baadhi ya zile zilizoletwa zikiwa mpya kwa ajili ya Afrika, zikafanya kazi kwenye miradi na maofisi, hazikufungwa sensa wala masega. Sababu ni petroli ya wakati ule. Madini ya risasi yaliyowekwa kwenye petroli hufunika ncha ya sensa na kuiua, na huku kwetu petroli hiyo iliachwa kuuzwa ilipoingia Januari 2006. Toyota wasingeweka kitu ambacho mafuta ya nchi yangekimaliza katika miezi michache. Basi ingia uvunguni na tochi kwanza. Kama bomba halina sensa wala tundu lake, na hakuna soketi ya waya inayoning'inia karibu na giaboksi, gari lako huenda halikupewa tangu kiwandani.

Kwa wenye V6: usishawishiwe kununua mbili za mbele eti kwa sababu injini ina pande mbili. Kwenye 5VZ-FE moshi wa upande mmoja huvushwa kwa bomba nyuma ya injini ukakutane na wa upande wa pili, na sensa ya mbele ni moja. Kama kuna ya pili, inakaa baada ya masega, na kazi yake hasa ni kuyachunguza masega hayo. Ile ya mbele ndiyo inayoongoza umwagaji wa mafuta. Pesa ikiwa ya moja tu, nunua ya mbele.

Kwanza hakikisha imekufa

Sitakaa sana hapa, ila ni hatua inayookoa pesa kuliko punguzo lolote la dukani. Sensa ya oksijeni ni mjumbe, na wajumbe hupigwa kwa habari walizoleta. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inasema kuna oksijeni nyingi, kontroli boksi inaongeza mafuta. Utabadilisha sensa tatu na tatizo litabaki palepale. Kwenye Toyota za miaka ile uvujaji huu hupenda kutokea kwenye flenji ya sensa yenyewe, kwa sababu haikufungwa kwa uzi bali kwa stadi mbili na nati mbili za spana namba 12, katikati kuna gasketi ambayo mafundi wengi huirudisha ile ile ya zamani.

Vua soketi, chukua mita, pima hita. Kwenye waya mbili zenye rangi moja, injini ikiwa baridi, sensa ya kawaida ya Toyota hizi inasoma kati ya ohm 11 na 16. Mita ikikaa kimya, hita imekatika. Hapo huhitaji ushahidi mwingine. Kwa upande wa ishara, pasha injini moto, ishike kwenye mizunguko 2,500, uangalie volti za waya wa ishara: zinatakiwa kuruka kati ya karibu 0.1 na 0.9, angalau mara nane ndani ya sekunde kumi. Ikibaki juu muda wote, mchanganyiko una mafuta mengi. Ikibaki chini, mchanganyiko ni mwembamba, yaani mafuta ni kidogo, au kuna uvujaji. Ikitembea polepole kama mzee anayepanda ngazi, ndiyo imechoka.

Kuhusu kile kimashine kidogo cha kuchomeka na kusoma kwenye simu: Prado nyingi za Japani za miaka ile hazizungumzi nacho. Tumia njia ya zamani. Fungua kiboksi cha majaribio ndani ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa inavyopepesa. Mbili ikafuatiwa na moja, yaani 21, ni sensa ya mbele au hita yake. 25 ni mchanganyiko mwembamba, 26 ni mzito, na hizo mbili za mwisho si hati ya kununulia sensa.

Lugha tatu, sura moja

Aina ya kwanza, na ndiyo ya Prado 90 za kawaida, ni ya zirkonia. Inazalisha umeme wake yenyewe, volti zile 0.1 hadi 0.9, ikishapata joto la nyuzi kama 300. Haijui kiasi; inajua "zaidi" au "pungufu" tu kuzunguka uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Ya pili ni sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo Toyota waliisambaza kwenye magari mengi ya petroli baada ya 2000. Ukiiweka mkononi ni ileile: waya nne, umbo lile, jina la Denso lile. Lakini inafanya kazi kwa mkondo wa umeme, si kwa volti za kuruka, na hita yake inakula umeme mwingi zaidi. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi. Namba ya Toyota ya sensa ya oksijeni inaanza na 89465, ya uwiano inaanza na 89467. Kwenye katalogi ya Denso ya Marekani, 234-4 ni oksijeni, 234-9 ni uwiano. Kama namba imefutika, mita inasema: hita iliyosoma chini ya ohm 4 si ya gari lako.

Hapa ndipo wanapoumia wanaoagiza kwa ndugu walioko Marekani. Kule Prado hii haikuuzwa, ila 4Runner ya miaka hiyo ilitumia injini hiyohiyo ya 3.4, kwa hiyo unamwambia binamu atafute ya 4Runner. Wazo zuri. Lakini za California ziliwekewa sheria kali zaidi, na 4Runner za huko za miaka ya mwisho zilifungwa sensa ya uwiano. Binamu atakuletea kitu kizuri, kipya, cha bei, na kisichofaa. Mpe namba kamili, usimpe jina la gari.

Aina ya tatu ni ya titania, na nikiitaja ni kwa ajili ya majirani zetu wenye Land Rover. Hii haizalishi umeme wowote. Upinzani wake ndio unaobadilika, na kontroli boksi inaupelekea volti 5 na kusoma kinachobaki. Range Rover ile ya P38, ya 1994 hadi 2002, ni somo zuri kwa kila mwenye gari la zamani. Zenye mfumo wa kuongoza injini uitwao GEMS, hadi kwenye 1999, zina titania yenye uzi mwembamba wa milimita 12. Zilizofuata, zenye Motronic ya Bosch, zina zirkonia yenye uzi wa kawaida wa milimita 18. Bodi ileile, V8 ileile, jina lilelile, na sensa haziingiliani hata kwa dua. Mtu akikwambia ana adapta ya kuchonga ili ya milimita 18 ikae kwenye tundu la 12, mshukuru kwa ufundi wake wa kuchonga, uondoke.

Wenye Discovery ya kwanza yenye V8 ya 3.9 wana bahati ya pekee: kwenye mfumo wao wa kumwaga petroli, uitwao 14CUX, kuna rizista ndogo inayoiambia kontroli boksi itumie ramani ipi ya mafuta. Nyeupe ya ohm 3,900 ni ya gari lenye masega na sensa. Ya kijani ya ohm 470 ni ya gari lisilo navyo. Kama masega yalishatolewa zamani, unaweza kuweka ya kijani na kuacha kabisa kutafuta titania za bei mbaya. Prado haina mlango huo wa nyuma.

Sasa zile za kwenye kaunta

Boksi la Toyota na boksi la Denso: kwa maoni yangu hili si shindano. Toyota hawachomi keramiki hizi wenyewe. Anayezitengeneza ni Denso wa Kariya, kampuni iliyotoka ndani ya Toyota 1949 ikiitwa Nippondenso na kufupisha jina 1996. Vua sensa iliyokuja na gari usome mwili wake: utakuta jina la Denso pembeni ya namba ya Toyota. Unapolipia boksi la Toyota unalipia uhakika wa kwamba soketi, urefu wa waya, flenji na gasketi vimekatwa kwa ajili ya chesisi yako. Uhakika huo una thamani kama uko Mpanda au Lodwar na kosa moja la kuagiza ni wiki mbili za kusubiri basi. Ukiwa Dar au Nairobi, ambako unaweza kurudi kaunta mchana huohuo, Denso yenye soketi kamili inakupa kitu kilekile kwa bei pungufu sana. Mimi nachukua Denso.

Tatizo la Denso ni feki. Boksi zuri halithibitishi chochote siku hizi. Angalia maandishi kwenye mwili wa chuma: yanatakiwa kuwa yamechomwa safi, si wino unaofutika kwa kidole chenye mate. Angalia namba ya boksi na ya mwili kama zinakubaliana. Kisha omba mita ya duka upime hita papo hapo kaunta; muuzaji anayekataa kipimo cha dakika moja ameshakujibu. Feki niliyowahi kuishika ilisoma ohm 4.6, na mpira wake wa kutokea waya ulikuwa unacheza kama jino bovu.

Ya kuunga waya, ile isiyo na soketi, isihukumiwe kwa sura. Ziko mbili za aina hii dukani na zinatofautiana kama usiku na mchana. Moja ni ya Denso, Bosch au NTK, yenye namba na karatasi ya rangi za waya. Ndani ni keramiki ileile nzuri, ulichopunguziwa ni soketi. Nyingine ni ile ya mfuko wa nailoni niliyoinunua mimi. Ya kwanza naikubali kwa masharti mawili. Sharti moja ni iwe zirkonia ya waya idadi ileile na flenji ileile. Nyingi za kuunga huja na uzi wa milimita 18, na flenji ya stadi mbili ya Toyota haina uzi. Utahitaji kipande cha kati kilichochongwa, na kila kiungio kipya ni mahali papya pa kuvuja. Sharti la pili ni fundi anayezijua rangi. Denso: nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni ardhi ya ishara. Bosch na NTK: nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni ardhi. Soma tena hapo uone mtego ulipo. Fundi anayeunga nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe kati ya makundi haya mawili atakuwa ameingiza umeme wa betri kwenye waya wa ishara. Ukiona nyekundu na njano kwenye fungu la waya nne, uliza mara mbili. Mara nyingi hiyo ni titania.

Na viungio vibanwe kwa vibanio vya chuma, visilehemiwe kwa risasi. Hili mafundi hubishana nalo sana. Sensa nyingi za zirkonia hupata hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake, katikati ya nyuzi za shaba, na risasi ya kulehemu inaziba njia hiyo. Kwa sababu hiyohiyo usijaze grisi wala kupuliza dawa ya kusafishia ndani ya soketi.

Ya mtumba, iliyotoka kwenye injini ya kontena, siipendi, na sina haja ya kuzunguka. Huwezi kujua injini ile ilikuwa inakula oili, au gasketi ya kichwa ilikuwa inapitisha maji ya rejeta. Vyote viwili hupaka ncha ya sensa na kuizeesha. Kitu kimoja cha mtumba kinachofaa ni soketi na kipande cha waya wake, ukiwa na sensa nzuri ya kuunga na soketi yako imeyeyuka kwa kugusa ekzosi. Hiyo nunua, ni hela ya chai.

Na ile ya mfuko? Habari yake nimeshaitoa: haikumaliza hata mwezi.

Kuna wanaopendekeza njia ya sita: kutoifunga, kuchomoa soketi tu na kuendesha. Injini itawaka na kutembea kwa ramani ya dharura, ndiyo. Utalipia tofauti kituoni kila wiki, na plagi zitakuwa nyeusi kama sufuria ya kijijini. Kama ni safari ya kutoka Tunduma hadi nyumbani, sawa. Kama ni maisha, hapana.

Kuifunga bila kuiua

Fungua bomba likiwa na uvuguvugu, nati zipakwe oili ya kulegeza jioni ya jana yake. Stadi ikikatika usilie. Huchomolewa na kuwekwa mpya, ni bora kuliko nati iliyokazwa kwenye uzi uliokufa. Weka gasketi mpya. Kaza nati za flenji kwa spana ya kipimo, kiasi cha Nm 20, sio kwa hasira. Ya uzi wa milimita 18 ni Nm 44. Grisi ya shaba iguse uzi peke yake, ncha ibaki kavu. Na mwambie fundi aweke mbali ile gundi nyekundu ya silikoni anayoipenda, maana moshi wake ni sumu kwa sensa kama ilivyokuwa risasi.

Safari ya pili Gerezani nilikwenda na sensa ya asili iliyokuja na gari, imefungwa kwenye gazeti, na namba ya chesisi kwenye simu. Duka lingine, kijana mdogo, mikono imejaa grisi. Hakuniuliza gari gani. Alifungua gazeti, akageuza mwili wa chuma kuelekea mwanga, akasoma 89465 kwa sauti, kisha akaupima waya kwa shubiri: mbili na vidole vitatu. Akaingia stoo, akatoka na boksi la Denso, akaufungua waya mpya, akapima tena. Shubiri moja na nusu. "Hii namba yake inafanana lakini waya mfupi, itavutika kwenye giaboksi," akasema, akairudisha kwenye boksi. "Kaa kwenye benchi, mzee. Natuma mtu stoo ya pili."

Nilikaa.